Mistari Mia Nne na Kumi na Mbili

Alhamisi ya ishirini na nane ya Ramadhani, Tupokigwe Mwaisaka aliingia Kituo cha Daftari saa moja na nusu asubuhi, ukungu wa Njombe ukiwa bado umekaa juu ya mabati. Mkononi alishika chupa ya chai ambayo aliamua kutoifungua. Halfani Nandonde, kijana wa Masasi aliyegawana naye chumba cha kazi kwa miaka mitano, alikuwa amefunga, na siku kama hii Tupokigwe hakutaka kunywa chai mbele yake.

"Shikamoo, dada Tupo."

"Marahaba. Futari ya jana ilifika ngapi?"

"Jibu lilichelewa dakika kumi na sita na sekunde arobaini," alisema Halfani bila kugeuka kutoka kwenye skrini yake. "Juzi ilikuwa kumi na nne."

Tupokigwe aliweka chupa chini ya meza. Hakukuwa na haja ya kusema zaidi, maana kila mtu aliyefanya kazi pale aliijua namba ishirini kama anavyojua jina lake.

Tezi yenyewe, kifaa cha kupandikizwa mwilini, ilikuwa na ukubwa wa korosho. Ilikaa chini ya mbavu za mgonjwa wa kisukari ikifanya kazi iliyolishinda kongosho lake. Lakini haikuwa na akili ya kwake. Kila baada ya dakika nne ilipima damu, ikatuma vipimo Njombe, ikauliza: nimwagie insulini kiasi gani? Daftari, mashine kubwa ya kumbukumbu pale kituoni, lilisoma habari za mtu huyo, uzito wake, umri wake, alivyokula jana na mwezi uliopita, likajibu. Jibu lisipofika kwa dakika ishirini, tezi ilijifunga, kwa sababu ni heri ikae kimya kuliko kumwaga dawa kwa amri iliyochacha. Na ikishajifunga haikufunguka yenyewe. Ilitaka nesi na kifaa chake. Nchi nzima ilikuwa na tezi milioni mbili na laki tatu. Tangu zije, hata wenye kisukari walifunga Ramadhani bila wasiwasi, na kila jioni walifuturu kwa pamoja, na Daftari likahema.

Shida ilikuwa uzee. Kwa miaka kumi na saba kila habari iliandikwa palipokuwa na nafasi. Habari za mtu mmoja zilitapakaa mahali mia tatu, katikati yake mashimo ya vitu vilivyofutwa. Ili kujibu swali moja, mashine ilizunguka kama mtu anayetafuta funguo nyumba nzima. Dawa yake ilikuwa kupanga upya kila kitu, habari za mtu mmoja zikae pamoja. Lakini huwezi kufunga duka wiki mbili upange rafu, wakati wateja wako wanakufa wakikosa jibu kwa siku mbili.

Kwa hiyo, siku tisa zilizopita, walianza kujenga Daftari jipya pembeni ya lile la zamani. Walinakili mistari kidogo kidogo, katika saa ambazo watu hawali. Programu ndogo, ambayo Halfani aliiita Mfuasi, ilikaa mlangoni mwa Daftari la zamani. Kila lilipobadilika neno, Mfuasi alilipeleka kwenye lile jipya. Sasa ilibaki hatua ya mwisho. Wangelisimamisha la zamani, wangemngoja Mfuasi amalize alichobeba, kisha wangehamisha jina, ili kila tezi inayoita "Daftari" ikutane na jipya. Walikadiria dakika nne.

Tupokigwe ndiye aliyeng'ang'ania kazi hiyo ifanyike mchana. "Aliyelala hasemi kwamba anajisikia vibaya," aliwaambia kwenye kikao, wakakubali. Ilipangwa saa nne asubuhi ya leo. Jumamosi, au Jumapili kama mwezi ungechelewa kuandama, ilikuwa Idi, na watu wangekaa mezani kuanzia asubuhi.

"Kuna mistari iliyokataliwa," alisema Halfani.

"Mingapi?"

"Ilikuwa elfu tatu na kitu. Mingi ilikuwa makosa ya tarehe, nimeirekebisha. Imebaki mia nne na kumi na mbili. Lakini hiyo isikusumbue. Ni marehemu."

Daftari jipya lilikuwa na sharti ambalo la zamani halikuwa nalo: kila tezi iwe ya mtu mmoja aliye hai, mwenye namba ya uraia. Mistari hiyo ilikuwa na majina ambayo rejista ya vifo ilishayapokea. Kwa mujibu wa kanuni, tezi zake zilipaswa kuzimwa siku ya mazishi.

Tupokigwe alivuta kiti. "Nionyeshe."

Halfani alifungua orodha. Pembeni ya kila jina kulikuwa na saa ambayo tezi iliuliza swali lake la mwisho. Tupokigwe alisoma ya kwanza, ya pili, akashuka hadi chini kabisa. Zote zilikuwa zimeuliza ndani ya robo saa iliyopita.

"Halfani, marehemu hawaulizi."

Kijana aliinama karibu na skrini.

Tupokigwe alichagua jina moja bila kuchagua sana: Mzee Athumani Likwepa, aliyefariki miaka sita nyuma akiwa na umri wa miaka themanini na moja. Alifungua mchoro wa insulini yake. Mwezi wa Rajabu mstari ulianza kupanda, polepole, halafu kwa haraka, hadi sasa ulikuwa mara mbili ya ulivyoanza. Michoro ya namna hiyo alikwisha kuiona maelfu.

"Mzee Likwepa ni mjamzito," alisema. "Miezi saba hivi."

Halfani alicheka, kisha akautazama tena mchoro.

*

Tezi zote mia nne na kumi na mbili zilipata majibu yake kupitia mnara mmoja, wa Mtakuja. Tupokigwe aliwahi kuliona jina hilo kwenye ramani tu. Ni uwanda mkavu ambako Serikali iliwahamishia watu wa kata sita ambazo bahari ilizimeza. Miaka kumi na moja walikuwa hapo. Namba ya uraia ya mtu ilitoka kwenye kata yake, na kata ilipofutwa kwenye ramani, namba zake zilifutwa pamoja nayo. Tangu hapo ofisi moja iliwatuma ofisi nyingine, na ile nyingine ikawarudisha. Asiye na namba hapewi tezi.

Alipiga simu zahanati ya Mtakuja. Iliita muda mrefu, kisha sauti ya mwanamke ikaitikia, sauti ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Zahanati. Nesi Mwanaidi Bungara hapa."

"Nesi, naitwa Tupokigwe Mwaisaka. Napiga kutoka Daftari, Njombe."

Nyuma ya nesi mtoto alikuwa akilia, na mtu akimbembeleza.

"Nakusikiliza," alisema nesi, na sauti yake ilikuwa imejifunga.

"Nina tezi za marehemu mia nne na kumi na mbili zinazofanya kazi hapo kwenu."

"Sijui habari hizo."

"Sijapiga kuuliza nani aliyezitoa kwa marehemu, wala nani aliyezipandikiza. Leo tunahama. Tukihama, hizo zitabaki kwenye Daftari la zamani, na la zamani tunalizima. Baada ya dakika ishirini zitajifunga, na kifaa chako hakitaweza kuzifungua."

Mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza. Nesi alivuta pumzi.

"Mnahama saa ngapi?"

"Ilikuwa iwe saa nne. Nitaomba tusogeze hadi saa tisa. Zaidi ya hapo siwezi, futari ya leo inaweza kulilaza Daftari lote."

"Na wewe unataka nini kwangu?"

"Ukweli. Uzito wa kila mmoja, umri wake, na kama ana mimba au figo mbovu. Majina sihitaji. Sasa hivi Daftari linawahudumia kana kwamba ni wazee waliokwisha kuzikwa. Sijui umewaweka hai vipi."

"Kila Jumatatu napita nyumba kwa nyumba nabadilisha kipimo kwa mkono," alisema Nesi Mwanaidi. Halafu akaongeza: "Nikikupa orodha hiyo, nimekiri."

"Ndiyo."

"Na wewe ukiiandika?"

"Nami pia."

"Nitafikiri," alisema nesi, akakata simu.

*

Mkurugenzi Philemon Ngailo alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyependa kuongea akiwa amesimama dirishani. Alimsikiliza Tupokigwe hadi mwisho bila kumkatiza.

"Sharti lile nililiandika mimi," alisema hatimaye. "Unajua kwa nini?"

"Nilisikia. Yule mtu wa Lupembe."

"Ulisikia. Mimi nilikwenda. Tezi yake ilipokea amri ya mtu mwingine, mtu mwenye kilo mia na kumi. Yeye alikuwa na hamsini na mbili. Alikufa mezani, kijiko mkononi, watoto wakimwangalia. Mke wake aliniuliza jambo moja tu: ina maana hamkujua ni nani? Nikarudi hapa nikaandika sharti lile, na nikaapa kwamba hakuna tezi itakayofanya kazi tena bila sisi kujua iko ndani ya nani. Leo unataka nifungue mlango niingize mia nne."

Tupokigwe alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Kwa haya hakujiandaa.

"Mkurugenzi, yule bwana aliuawa na uzito wa mtu mwingine. Hawa nao wanaishi kwa uzito wa watu wengine, kila siku, na nesi mmoja anahangaika kuwasahihisha kwa mkono. Sharti lako lilitaka tujue tezi imo katika mwili gani. Hilo ndilo ninalotaka kufanya."

"Sharti linasema mtu aliye hai, mwenye namba."

"Ni mambo mawili. Aliye hai, hilo nitalitimiza leo kabla ya saa tisa. Mwenye namba, hilo halimo mikononi mwangu. Wala mwao."

Ngailo aliangalia nje. Ukungu ulikuwa umeondoka, na wanawake walikuwa wakipita barabarani na magunia ya viazi kwenye baiskeli.

"Na nikisema mhame bila wao?"

"Nitakuomba uniandikie amri kwa mkono wako. Na chini yake uandike namba za tezi zote, moja moja."

Hakusema kwa jeuri, na Mkurugenzi hakuyachukulia hivyo. Alirudi mezani, akakaa, akavua miwani na kuifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Wawekwe kwenye jedwali la peke yao," alisema. "Waonekane wazi kwamba hawana namba. Asiye na vipimo vya kweli asiingie, hapo sirudi nyuma. Na taarifa nitaipeleka mwenyewe kwa bodi kabla ya saa tisa. Nitasema nilijua."

"Watakusimamisha kazi."

"Wataanza na wewe," alisema Ngailo.

*

Saa sita na nusu picha zilianza kuingia kwenye simu ya Tupokigwe. Zilikuwa kurasa za daftari la shule, mistari ya bluu, mwandiko wa haraka unaosomeka. Namba ya tezi, kilo, umri, maelezo mafupi. *Mwanamume, figo moja. Bibi, hali chakula usiku. Mjamzito, mimba ya kwanza, ana hofu.* Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa Mzee Likwepa.

Waligawana kurasa. Halfani alisoma kwa sauti, Tupokigwe akaandika, kisha wakabadilishana ili macho mapya yakague. Hakukuwa na namna ya kuharakisha kazi hiyo. Tarakimu moja ingekosewa, mtu wa Lupembe angepata mwenzake. Midomo ya Halfani ilikauka, lakini hakupumzika hata alipotoka kuswali adhuhuri. Alikwenda na kurudi mbio.

Saa nane na dakika ishirini alisoma mstari wa mwisho.

"Mia nne na kumi na moja," alisema.

"Hesabu tena."

Alihesabu tena. Ilikuwa mia nne na kumi na moja. Tezi moja haikuwa na vipimo, na neno la Mkurugenzi lilikuwa wazi: asiye na vipimo haingii.

Tupokigwe alipiga simu. Safari hii iliitikiwa mara moja.

"Nesi, kuna tezi moja hujaniletea. Inaishia na sita-sifuri-mbili. Ni ya nani?"

"Iache hiyo."

"Siwezi kuiacha. Iliuliza dakika mbili zilizopita. Kuna mtu."

Tupokigwe alisikia hatua, mlango ukifungwa, na ule ukimya wa mtu aliyejitenga na wengine.

"Ni yangu," alisema nesi. "Ya mume wangu, Mungu amrehemu. Ilikuwa ya kwanza kuhamishwa. Mganga wa wilaya alikataa, nikamwelekeza mkunga wa hapa, akanipasua nikiwa macho. Ndipo nikajua inawezekana."

"Kwa nini hukujiandika?"

"Nilipofika kwenye jina langu mkono ulikataa. Niliona wakija kuuliza, watasema yule mwanamke alijitengenezea njia yeye, wale wengine ni kisingizio. Nisipokuwemo, hawatasema."

Tupokigwe alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Dada yangu," alisema, "Jumatatu nani atapita nyumba kwa nyumba?"

Nesi alisema, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa mwingine: "Kilo sitini na tatu. Miaka arobaini na tisa. Shinikizo la damu. Figo nzima."

Halfani aliandika. Tupokigwe alikagua.

*

Saa tisa kasoro dakika mbili Ngailo aliingia akasimama nyuma yao. Hakusema bodi imejibu nini, nao hawakuuliza. Walikubaliana mpaka: ikifika dakika kumi na tano bila kumaliza, wanarudi kwenye Daftari la zamani, na wanaomba Mungu juu ya futari.

"Nasimamisha," alisema Tupokigwe.

Kwenye skrini kubwa ya ukutani, ile namba iliyokuwa ikirukaruka mchana na usiku kwa miaka kumi na saba, idadi ya majibu kwa sekunde, ilishuka ikawa sifuri. Chumba kizima kilisikia mlio wa feni ambao siku zote ulikuwepo.

"Mfuasi amebakiza elfu tisa," alisema Halfani. "Elfu saba. Elfu nne."

Dakika ya tatu alisema elfu mbili. Dakika ya nne akasema elfu mbili tena. Ya tano pia.

"Amekwama?"

"Hajakwama. Jedwali jipya la Mtakuja, anakagua kila mstari dhidi ya rejista ya vifo. Sharti bado linamwambia aulize." Kijana alimeza mate makavu. "Nikiliondoa jedwali hilo njiani, tunamaliza sasa hivi. Lakini nitakuwa nimewaondoa wao."

Dakika ya sita. Hakuna aliyemgeukia Mkurugenzi, lakini yeye aliongea. "Sharti lile linaweza kulegezwa kwa jedwali moja?"

"Linaweza. Linataka neno la siri la aliyeliandika."

Ngailo alisogea kwenye kibodi. Aliandika kwa vidole viwili, pole pole, akakosea, akafuta, akaandika tena. Dakika ya nane ilipita vidole vyake vikiwa juu ya herufi. Alipobonyeza, elfu mbili zikawa mia tisa, mia tatu, kumi, sifuri.

"Hamisha jina," alisema Halfani, na Tupokigwe alikuwa amekwisha kulihamisha.

Dakika ya tisa na sekunde kumi na moja, namba ya ukutani iligeuka kuwa moja. Halafu mia sita. Halafu ikaanza kurukaruka isisomeke. Tupokigwe hakuiangalia. Alikuwa amefungua jedwali dogo na kuhesabu tezi zikirejea: mia mbili, mia tatu na tisini, mia nne na kumi. Ikaingia nyingine. Akangoja. Kisha sita-sifuri-mbili iliuliza swali lake, na Daftari lilijibu kabla hajapepesa jicho.

Jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, nchi nzima ilifuturu. Halfani alishika tende mkononi bila kuila mpaka aone kipimo. Kuchelewa kwa jibu kulikuwa sekunde mbili. Akala tende, na Tupokigwe akafungua chai yake iliyopoa, akammiminia kikombe cha kwanza.

*

Walianza naye kweli. Jumanne baada ya Idi, Tupokigwe alikabidhi kadi ya mlango akaambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi ukamilike. Ngailo alipewa barua yake wiki iliyofuata. Mbele ya kamati, Tupokigwe aliulizwa maswali kwa siku mbili. Mjumbe mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akiandika tu muda wote, ndiye pekee aliyemuuliza kama alikuwa na uhakika kwamba hakuna mtu aliyedhurika. Alijibu kwamba anajua uzito wa kila mmoja wao, na kwamba siku moja kabla ya kuhama hakuna aliyeujua isipokuwa nesi mmoja.

Kamati ilikuwa na uwezo wa kuagiza tezi zile zizimwe. Karatasi ya agizo iliandaliwa. Ilihitaji sahihi, na juu ya mahali pa sahihi kulikuwa na orodha: kilo arobaini na nane, miaka kumi na tisa, mjamzito. Karatasi ilizunguka ofisi kwa ofisi siku kumi na nane. Kila ofisi iliisoma, ikaipeleka mbele. Mwishowe ilirudi ilikotoka ikiwa haina sahihi, na juu yake mtu alikuwa amebandika maelezo kwamba suala hili ni la uandikishaji wa watu, si la mitambo.

Wiki ya saba tangu akabidhi kadi, Tupokigwe alikuwa nyumbani akimenya viazi simu ilipoita.

"Dada, ni Mwanaidi wa Mtakuja." Sauti ilikuwa na haraka, lakini haikuwa imejifunga. "Yule mwenye mimba amejifungua. Wa kike. Wote wazima."

"Mungu ashukuriwe. Na wewe?"

"Mimi nipo. Sikiliza, kuna gari limekuja asubuhi. Watu wanne, wana meza na mashine za alama za vidole. Wanasema wametumwa kugawa namba, kata mpya, Mtakuja yenyewe. Wamekaa hapo nje ya zahanati na hakuna mtu anayewasogelea. Watu wananitazama mimi. Miaka kumi na moja tumejificha. Sijui niwaambie nini."

Tupokigwe aliweka kisu chini. "Wanauliza majina ya nani? Ya wenye tezi za marehemu?"

"Ya wote. Wanasema yeyote anayeishi hapa."

"Una shaka nao?"

"Nina hofu tu," alisema nesi. "Hofu na shaka ni vitu viwili."

"Basi toka nje ukakae kwenye kile kiti chao. Watu wakuone umekaa."

Nesi Mwanaidi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Hakukata simu. Tupokigwe alimsikia akifungua mlango, akasikia upepo wa uwanda ule na minong'ono ya watu wengi waliokuwa wakingoja. Akasikia kiti kikivutwa, na sauti ya mwanamume akisema karibu mama, jina lako kamili.

"Mwanaidi," alisema nesi, kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie. "Mwanaidi binti Saidi Bungara. Andika."